Mkataba wa London, Mali ya Lisbon

Desemba 2011, miezi saba baada ya Ureno kukubali mkopo wa uokozi wa euro bilioni 78 kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ya Lisbon iliuza asilimia 21.35 ya shirika la umeme la EDP kwa China Three Gorges kwa euro bilioni 2.69. Mwaka uliofuata ikauza asilimia 40 ya REN, kampuni yenye njia kuu za umeme na gesi: asilimia 25 ikaenda kwa State Grid ya China, asilimia 15 kwa Oman Oil Company ya Muscat. Kabla mwaka huo haujaisha, viwanja vya ndege vilivyo chini ya ANA vilikuwa vimepata mnunuzi, Vinci ya Ufaransa, kwa bei iliyozidi euro bilioni 3, pamoja na haki ya kuviendesha kwa miaka 50. Wanasiasa wamezungumza sana kuhusu mauzo haya, na wachumi wamehesabu faida na hasara zake. Waliozungumziwa kidogo ni mawakili waliokesha wakiandika hati, kana kwamba kazi yao ni kunakili tu kile ambacho wakubwa wamekwisha kukubaliana. Mimi naona kwamba kazi hiyo ndiyo inayoamua nani atabeba hasara mambo yakiharibika, na kwamba Ureno, nchi ndogo yenye sheria yake na fedha za wengine, inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko nchi kubwa.

Kampuni kubwa za mawakili wa biashara mjini Lisbon hazizidi idadi ya vidole vya mikono miwili. PLMJ ilianza mwaka 1967, Vieira de Almeida mwaka 1976. Kuna Morais Leitão, kuna kampuni zenye asili ya Hispania kama Uría Menéndez, Cuatrecasas na Garrigues, na kuna Linklaters kutoka London. Kazi yao kuu imegawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ni fedha: mikopo ya muungano wa benki, hatifungani, miradi ya barabara na umeme wa upepo, na mauzo ya mikopo chechefu, biashara iliyopamba moto baada ya mikopo ya aina hiyo kufikia asilimia 17.9 ya mikopo yote ya benki za Ureno katikati ya mwaka 2016. Upande wa pili ni miamala: kununua kampuni, kuiuza, kuiunganisha na nyingine. Katika sehemu zote mbili kuna jambo linalomshangaza mgeni. Hati kuu ya muamala mkubwa mara nyingi haiko chini ya sheria ya Ureno. Mkopo huandikwa kwa Kiingereza, kwa kielelezo kilichotungwa na chama cha wakopeshaji cha London, chini ya sheria ya Uingereza, na ugomvi hupelekwa kwa majaji wa London. Hapo ndipo watu husema kwamba wakili wa Lisbon ni pambo, mtu wa kugonga mihuri na kupiga foleni kwa msajili.

Hoja hiyo haistahimili mtihani wa mkopo mmoja wa kawaida. Chukua kampuni ya Ureno inayokopa euro milioni 100 kwa miaka saba na kuweka jengo lake rehani. Jambo la kwanza ni ushuru wa stempu. Kwa muda wa miaka mitano au zaidi kiwango ni asilimia 0.6, yaani euro 600,000 zinazodaiwa fedha zinapotolewa. Dhamana nayo hutozwa kwa kiwango hicho hicho, isipokuwa kama imefungamana na mkopo uliokwisha kutozwa na imewekwa wakati mmoja nao. Kwa hiyo anayesaini mkopo leo na kuahirisha rehani hadi wiki ya tatu anajiweka katika hatari ya kudaiwa euro 600,000 nyingine kwa sababu ya tarehe tu. Jambo la pili ni usajili. Kifungu cha 687 cha Sheria ya Madai ya mwaka 1966 kinasema rehani ya mali isiyohamishika isiyosajiliwa haina nguvu hata kati ya mkopeshaji na mkopaji wenyewe. Benki inaweza kuwa na karatasi yenye sahihi zote, iliyoandikwa vizuri kabisa, na bado ikawa haina rehani. Jambo la tatu ni kifungu cha 694, kinachokataza mkopeshaji na mkopaji kukubaliana kwamba deni lisipolipwa mali iliyowekwa rehani itakuwa ya mkopeshaji moja kwa moja. Wakili wa London asiyekijua kifungu hiki akiandika kipengele kama hicho, kitakuwa batili. Wakili wa Lisbon atamwonyesha mlango uliofunguliwa na sheria ya mwaka 2004 kuhusu dhamana za kifedha: kwa hisa na amana za benki, si kwa jengo, mkopeshaji anaweza kuruhusiwa kujichukulia mali hiyo kwa masharti maalumu. Sheria ya Uingereza haiwezi kusaidia hata kidogo katika mambo haya matatu. Mkataba uko London, mali iko Lisbon, na anayetaka kuifikia mali lazima apitie sheria ya mahali ilipo.

Ni kweli kwamba kuna kesi inayoonekana kunipinga, na ni kubwa. Kati ya mwaka 2005 na 2007, kampuni nne za umma za usafiri, yaani Metro de Lisboa, Carris, Metro do Porto na STCP, ziliingia mikataba tisa ya kubadilishana riba na Banco Santander Totta. Baadhi ilikuwa na mfumo wa kulimbikiza: kiwango cha soko kikitoka nje ya mipaka iliyowekwa, nyongeza huongezwa juu ya riba ya kipindi kilichopita, kisha juu ya nyongeza hiyo huongezwa nyingine, na kiwango hakirudi kwa urahisi kilikotoka. Baada ya msukosuko wa mwaka 2008 riba za Ulaya zilishuka hadi karibu na sifuri na kukaa huko. Riba ya kampuni hizi ikapanda wakati ya dunia inashuka. Ziliacha kulipa mwaka 2013, zikajitetea kwa kifungu cha 437 cha Sheria ya Madai ya Ureno, kinachomruhusu mtu kuomba mkataba ufutwe au urekebishwe ikiwa hali iliyokuwa msingi wake imebadilika kupita kiasi. Utetezi wa namna hiyo hauna mfano wake katika sheria ya Uingereza. Benki ilikuwa ya Ureno, wateja wa Ureno, mabasi na treni za Ureno, walipa kodi wa Ureno. Hata hivyo Machi 2016 mahakama ya London iliipa benki ushindi, na Desemba mwaka huo mahakama ya rufani ikakubali. Majaji walisema muamala huo haukuwa wa Ureno pekee: ulitumia kielelezo cha kimataifa, haki zake zingeweza kuhamishiwa benki ya nje, na benki ilikuwa imejikinga kwa mikataba sambamba na benki za nchi nyingine. Kwa hiyo kifungu cha 437 hakikupata nafasi, hata hoja kwamba kampuni hizo hazikuwa na uwezo kisheria wa kuingia mikataba ile ilikataliwa, na mwaka 2017 serikali ikamalizana na benki kwa mapatano.

Anayesoma hukumu hiyo anaweza kusema: tazama, sheria ya Lisbon imepigwa kumbo na karatasi ya London. Nami naisoma kinyume chake. Kampuni zile zilipoteza kinga ambayo sheria ya nchi yao ingezipa kwa sababu kinga hiyo iliachwa mezani siku ya kutia sahihi, pale kwenye mstari unaotaja sheria itakayotawala mkataba. Mstari huo huwa mfupi, huwekwa karibu na mwisho wa hati, na wakurugenzi wanaofikia ukurasa huo huwa wamechoka. Mtu pekee chumbani ambaye angeweza kueleza kwa usahihi kilichokuwa kikiachwa ni mwanasheria anayekijua kifungu cha 437 na anayejua kwamba London haina kitu kama hicho. Thamani yake ilikuwa hapo, kabla ya sahihi. Miaka kadhaa baadaye ilikuwa imebaki hoja ya kushindwa mahakamani.

Kesi ya pili ilikwenda upande mwingine kabisa. Mwishoni mwa Juni 2014 kampuni ya Oak Finance, iliyoundwa na Goldman Sachs, iliikopesha Banco Espírito Santo kiasi cha dola milioni 835. Mkataba ulikuwa chini ya sheria ya Uingereza na mahakama za Uingereza, kama desturi. Tarehe 3 Agosti mwaka huo huo Benki Kuu ya Ureno ilitangaza kwamba benki ile imeanguka, ikatoa mali na madeni yake mazuri na kuyahamishia Novo Banco, iliyopewa mtaji wa euro bilioni 4.9. Goldman Sachs ilitarajia deni la Oak limehamia huko pia. Desemba Benki Kuu ikaamua kwamba halikuhamia: kanuni ya uhamisho iliacha nje madeni yanayodaiwa na wenye hisa wa zaidi ya asilimia 2, na kulikuwa na sababu za kuamini kwamba Oak ilikuwa ikitenda kwa niaba ya Goldman. Wadai walikimbilia London wakiwa na kipengele chao mkononi. Julai 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwajibu kwamba, kwa mujibu wa maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu benki zilizoanguka, uamuzi wa Benki Kuu ya Ureno ni lazima uheshimiwe London kama unavyoheshimiwa Lisbon; na kwa kuwa deni halikuhamia Novo Banco, Novo Banco haikuwa imefungwa na kipengele cha mahakama za Uingereza. Mkopeshaji aliyebobea kuliko wote, mwenye mawakili wa kila aina, alijikuta akidai kwenye mufilisi.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja unapata kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo msingi wa taaluma nzima. Sheria iliyochaguliwa hutawala ahadi za wahusika: nani alipe nini, lini, kwa riba gani. Sheria ya nyumbani hutawala yale ambayo wahusika hawana uwezo wa kujipangia: nani ana mamlaka ya kusaini, mali ni ya nani, rehani ina nguvu gani, na kampuni ikifa wadai wanapangwaje. Kazi bora ya kampuni ya mawakili ya Lisbon ni kujua mpaka huo unapita wapi katika kila muamala, na kuusema kwa maandishi. Maandishi hayo huitwa maoni ya kisheria. Ni barua ya kurasa kadhaa ambayo benki huisubiri kabla ya kutoa hata senti: kampuni hii ipo, ina uwezo wa kukopa, bodi yake imeidhinisha ipasavyo, aliyesaini ana mamlaka, dhamana imesajiliwa, chaguo la sheria ya kigeni litatambuliwa na mahakama za hapa. Wengine huidharau barua hiyo wakisema imejaa vizingiti na misamaha hata haisemi kitu. Ni kweli sehemu kubwa ya lugha yake hurudiwa muamala baada ya muamala. Lakini vizingiti ndivyo vyenye habari. Wakili anapoandika kwamba anachukulia kuwa kibali fulani kimepatikana bila yeye kukiona, amekuonyesha mahali hasa ambapo muamala unaweza kupasuka.

Msumbiji ndiyo inayotufundisha hili kwa gharama kubwa zaidi. Sheria ile ile ya Madai ya mwaka 1966 ilipelekwa kwenye makoloni ya Ureno mwaka 1967, na Msumbiji iliendelea nayo baada ya uhuru wa mwaka 1975, ikibadilisha baadhi ya sehemu, kama sheria ya familia. Ndiyo maana kampuni za Lisbon zimejenga mitandao na ofisi washirika Maputo na Luanda ya Angola: mwanasheria aliyesoma Coimbra, Ureno, hukuta huko mpangilio anaoujua. Lakini akidhani amefika nyumbani amepotea. Katiba ya Msumbiji inasema ardhi ni mali ya dola na haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kukamatwa. Hata Tanzania, ambako ardhi nayo ni ya umma, haki ya kumiliki inaweza kuwekwa rehani benki. Kwa hiyo wakopeshaji wa mradi wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, ambao mwaka 2020 walitia sahihi mikopo ya takriban dola bilioni 14.9, hawakuweza kushika ardhi ambayo mitambo ingejengwa juu yake. Ilibidi dhamana zijengwe juu ya vitu vingine: haki za kimkataba, hisa, akaunti, mapato ya gesi, na sheria maalumu ya mwaka 2014 iliyotungwa kwa ajili ya miradi ya Bonde la Ruvuma. Kwa upande wa kazi ya uanasheria ni jengo la kupendeza. Kwa upande wa watu wa kijiji cha Quitupo, waliohamishiwa Quitunda ili kupisha mradi, ni jengo ambalo hawakuwa na wakili wa ngazi hiyo aliyelisoma kwa niaba yao. Machi 2021 wapiganaji waliushambulia mji wa Palma, mwezi uliofuata Total, kampuni iliyoongoza mradi huo, ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na vipengele vya mikopo ile vikaanza kufanya kazi yake kimya kimya huku wakimbizi wakivuka Mto Ruvuma.

Mfano mkali zaidi ni madeni yaliyofichwa ya Msumbiji hiyo hiyo. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za dola, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa dola milioni 622, milioni 850 na milioni 535 kupitia Credit Suisse na benki ya VTB ya Urusi, kwa ajili ya meli na ulinzi wa pwani. Mikataba ilikuwa chini ya sheria ya Uingereza, na kila mkopo ulikuwa na dhamana ya serikali iliyosainiwa na waziri wa fedha, Manuel Chang. Dhamana hizo zilivuka kikomo kilichowekwa na sheria ya bajeti, na Bunge halikuziidhinisha. Ilipofichuka mwaka 2016 wahisani walisimamisha msaada wa bajeti na sarafu ikaporomoka. Baraza la Katiba la Msumbiji lilibatilisha dhamana ya EMATUM mwaka 2019 na zile nyingine mbili mwaka 2020; Credit Suisse ikakubali mwaka 2021 kulipa mamlaka za Marekani na Uingereza dola milioni 475; Chang akatiwa hatiani New York Agosti 2024. Katika msururu huu wa mahakama, swali la kwanza lilikuwa jepesi: je, waziri alikuwa na mamlaka ya kusaini? Mwanasheria yeyote aliyesoma sheria ya bajeti ya mwaka ule angelijibu kwa kulifungua gazeti la serikali. Rushwa iliongoza uovu huu, sikatai, na hakuna barua ya wakili inayozuia rushwa peke yake. Lakini rushwa ilihitaji njia ya kupita, na njia yenyewe ilikuwa swali la uwezo na mamlaka kugeuzwa utaratibu wa kujaza fomu.

Wapo watakaosema kwamba ninaisifu kazi ambayo kimsingi ni mwendelezo wa ukoloni: Lisbon inaendelea kula kwa sheria iliyoiacha Maputo. Hoja hii ina uzito. Mwanasheria wa Maputo akibaki mtu wa kupeleka karatasi kwa msajili huku ada kubwa zikihesabiwa Lisbon na London, utaalamu haukui mahali unapohitajika. Chama cha mawakili cha Msumbiji, kilichoundwa mwaka 1994, kinasisitiza kwamba uwakili nchini ni wa wanachama wake, na ni haki. Ila tiba haiwezi kuwa kujifungia. Ureno yenyewe ilikuwa mpokeaji wa mikataba ya wengine, na kampuni zake zilikua kwa kukaa meza moja na watu wa London hadi zikaweza kuwaambia hapana. Msumbiji inahitaji hilo hilo: wanasheria wake wakae ndani ya muamala tangu rasimu ya kwanza, na majina yao yawe chini ya maoni ya kisheria.

Pingamizi jingine linanigusa zaidi. Mawakili hawa humtumikia anayelipa, na anayelipa ni benki, mfuko wa uwekezaji, kampuni ya mafuta. Kuwapamba ni kupamba nguvu ya wenye nguvu. Ni kweli, na sheria ya taaluma yao inawataka wamtumikie mteja kwa uaminifu. Lakini ndiyo sababu hasa ya umma kutokwenda mezani mikono mitupu. Katika kesi ya treni na mabasi ya Ureno benki ilijua inapata nini kwa kuchagua London. Katika madeni ya Msumbiji wakopeshaji walijikinga kwa tabaka kadhaa za hati. Mara zote mbili aliyekosa ushauri wa kutosha ni mlipa kodi, na serikali inayobana ada ya wakili wake huja kulipa mara elfu kwa hukumu.

Ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania bado inajadiliana juu ya mradi wa kusindika gesi huko Lindi. Sheria zake za mwaka 2017 kuhusu rasilimali zinataka migogoro isikilizwe na vyombo vya ndani, na wawekezaji kwa kawaida hupigania mahakama au usuluhishi wa nje. Mstari utakaoandikwa hapo utakuwa na uzito kuliko sherehe ya kutia sahihi. Bunge lidai kuona, kabla ya sahihi na si baada, maoni ya kisheria ya mawakili wa serikali kuhusu nani ana mamlaka ya kusaini, kinga gani ya sheria ya nyumbani inaachwa, na dhamana gani inatolewa kwa jina la wananchi. Na maoni hayo yachapishwe, pamoja na vizingiti vyake vyote.